Shangazi, mume wangu anataka tukope ili nyumba iwe "ya kijani", nisaini au nigome?

Shangazi shikamoo. Jina langu naomba ulifiche maana mume wangu nae anasoma hii safu, ila hata akijigundua sawa tu, nimechoka kubishana nae wawili tu chumbani.

Iko hivi. Tuna miaka tisa kwenye ndoa, watoto watatu, na miaka yote hiyo ni wapangaji. Mwaka jana Mungu akajalia tukapata kiwanja, ramani tukaitoa mtandaoni tukailipia, vyumba vitano vya kulala, viwili ni vya wageni. Wiki iliyopita fundi kaja kapiga kamba na mambo, msingi unaanza kuchimbwa wiki mbili zijazo. Mpaka hapo furaha tupu. Balaa limeanza mume wangu alipoanza kuangalia video za nyumba za kijani, yani zile zinazotumia nishati kidogo na kutunza mazingira. Kila usiku simu iko usoni, mara kuna nyumba Ujerumani haijui bili, mara kuna jamaa kajitoa kabisa kwenye gridi ya umeme, mara sijui dunia inaungua na sisi tumekaa. Basi kaenda kwa watu wanaofunga mifumo ya sola, mmoja wao ni binamu yake wa mbali, wakamletea kotesheni ya kurasa nne. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Paneli 24, inveta (ile mashine ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) ya kilowati 10, betri za lithiamu za kutundika ukutani, madirisha ya vioo viwili viwili nyumba nzima, viyoyozi vitatu, hita za umeme tatu yani kila bafu na yake, na mfumo wa smati wa kuzima taa kwa simu. Jumla yake ni kama theluthi ya bajeti yote ya ujenzi. Theluthi Shangazi! Msingi, kuta, paa, milango, vyote hivo ndo theluthi mbili, alafu vikorokoro ndo theluthi.

Hela hiyo hatuna, ndo anataka tukope. Nikamwambia baba, marejesho ya mkopo yatakuwa makubwa kuliko hiyo bili tunayoikimbia, akanijibu "we unaangalia leo, mi naangalia wanetu". Limeniuma sana hilo, maana mi ndo nazunguka vyumba vyote usiku kuzima taa, mi ndo nakinga maji ya mvua, leo naambiwa siwawazii watoto.

Na mi sina makuu. Kwenye hii nyumba nimeomba kitu kimoja tu, sebule iwe na dirisha kubwa la kioo toka chini mpaka juu, mita nne kwa mbili na nusu, liangalie jua linapozama, maana upande wa magharibi kiwanja chetu kinaangalia bonde, hakuna nyumba wala mti, jioni pale pazuri mno. Fundi kasema haina shida, na wale wa sola wameshaweka kiyoyozi kikubwa cha BTU 18,000 hapo hapo sebuleni.

Naomba unijibu mambo mawili. Hivi kujenga kijani ni lazima uwe tajiri? Na huu mkopo nisaini au nigome, maana bila saini yangu hauendi. Ni mimi, Mama Msingi.

*

Marahaba Mama Msingi, na hongera kwa kiwanja, miaka tisa ya kodi sio mchezo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikawa upande wako moja kwa moja, nikasema huyu bwana ameshikwa na video. Mara ya pili nikafika pale kwenye dirisha nikacheka peke yangu. Mwanangu, ile kotesheni unayoilalamikia, sehemu yake kubwa umeiagiza wewe, na nina uhakika hakuna aliyekwambia.

Twende taratibu. Dirisha lako ni mita nne kwa mbili na nusu, yani mita za mraba 10 za kioo. Jua la jioni linakuja limeinama, linapiga kioo karibu uso kwa uso. Siku ya anga safi, masaa mawili hivi kabla halijazama, kila mita ya mraba ya ukuta wa magharibi inapokea takriban wati 600, na kioo cha kawaida kinapitisha kama asilimia 80 ya hiyo. Zidisha mwenyewe, ni kati ya kilowati 4 na 5 za joto zinaingia sebuleni kwako. Birika la umeme ni kama kilowati 2. Kwahiyo ni sawa na mabirika mawili yanachemka mfululizo katikati ya sebule kila jioni, na wewe umekaa pembeni unasifia mandhari.

Sasa kiyoyozi cha BTU 18,000 uwezo wake wa kutoa joto ni kama kilowati 5. Umeona? Wale jamaa wamepiga hesabu vizuri tu, kile kiyoyozi kimewekwa kwa ajili ya dirisha. Alafu kinakula umeme kama kilowati moja na nusu, na muda kinapohitajika sana ni saa kumi na moja jioni mpaka usiku, wakati huo paneli juu ya paa ndo zinafunga ofisi. Kwahiyo kitaendeshwa na betri. Kikifanya kazi masaa matano tu ushamaliza uniti saba na nusu za betri (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), na betri ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye hiyo karatasi ya binamu. Na ili betri ijae tena kesho inabidi paneli ziongezwe, na paneli zikiongezwa na inveta inakuwa kubwa. Dirisha limezaa kiyoyozi, kiyoyozi kimezaa betri, betri zimezaa paneli, na mtoto wa mwisho kwenye huo ukoo anaitwa mkopo.

Usinielewe vibaya, sisemi usiangalie jua likizama. Mi mwenyewe ningelitaka hilo bonde. Nachosema ni kwamba kwa sasa mna kamba tu ardhini, na kamba kuzihamisha ni kazi ya asubuhi moja. Sebule inaweza kubaki huko huko na dirisha likapungua likawa theluthi ya hilo, au mbele yake mkaweka baraza pana lenye vipande vya mbao vilivyosimama wima, mkakaa nje jioni mkaangalia hilo jua bila kioo katikati. Na nasisitiza vilivyosimama wima, kwasababu mafundi wengi watakwambia "tutaongeza paa kwa mbele kidogo", hiyo inasaidia upande wa kaskazini na kusini ambako jua linapita juu juu, ila magharibi jua linaingia chini ya hilo paa kama mwenye nyumba. Mti nao unafanya kazi nzuri, tatizo lake ni kusubiri. Pazia la ndani linapunguza ukali kidogo tu, maana joto likishavuka kioo limeshaingia, litabaki humo humo kati ya pazia na chumba.

Na vioo viwili viwili? Hapo mumeo kachanganya habari mbili. Zile nyumba za Ujerumani anazozisema zipo kweli, za kwanza zilijengwa Darmstadt, familia zikahamia 1991, na kipimo chake mpaka leo ni kwamba nyumba isitumie zaidi ya uniti 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka kwa kupasha joto, ambayo ni kidogo sana. Ila mwambie aangalie tena hizo video kwa makini, zile nyumba hazikuanza na mitambo. Zilianza na kuta zenye kizuizi kinene cha joto, madirisha yaliyotazama jua makusudi, na kuziba kila ufa. Vioo viwili au vitatu vina maana kubwa kule kwasababu ndani unataka nyuzi 20 na nje ni barafu, joto linakimbilia nje usiku na mchana. Nyie shida yenu ni jua kuingia, na vioo viwili vya kawaida bado vinapitisha zaidi ya theluthi mbili ya jua lile lile. Kuna vioo vyenye utando maalum wa kurudisha jua, hivo ni habari nyingine, na kama mtabaki na dirisha hilo basi nunueni hivo kwa dirisha hilo moja, sio nyumba nzima mpaka choo.

Kwahiyo swali lako la kwanza, kijani ni ya matajiri? Nusu yake ni bure kabisa, na hiyo nusu ya bure ndo haina muuzaji, ndo maana haimo kwenye kotesheni. Nani atakuuzia kugeuza nyumba? Geuzeni ramani ili kuta fupi ndo ziangalie mashariki na magharibi, na kuta ndefu zenye madirisha ziangalie kaskazini na kusini. Vyumba vya kulala visiwe upande wa magharibi, maana ukuta uliopigwa na jua alasiri yote unaendelea kutema joto saa nne usiku wakati mnataka kulala. Huko weka stoo, ngazi, bafu. Kila chumba kipate tundu mbili za hewa, moja upande upepo unapoingia na nyingine unapotokea, chumba chenye dirisha moja tu upepo unachungulia unarudi. Mkiwa karibu na ikweta jua linapita juu ya vichwa karibu mwaka mzima kwahiyo adui mkubwa ni paa, mkiwa mbali zaidi kaskazini au kusini ndo inabidi uangalie linapita upande gani na kwa msimu gani, na sehemu zenye baridi hilo jua unalikaribisha, hulifukuzi. Ramani ya mtandaoni aliyechora hajui kiwanja chenu kinatazama wapi. Hilo tu.

Hilo la paa ndo pa kuweka hela. Bati la rangi iliyokoza kwenye jua kali linaweza kupita nyuzi 60, la rangi nyeupe linakaa chini ya hapo kwa nyuzi 20 na zaidi, na bei ya rangi mara nyingi haitofautiani kivile, ni vile tu watu tunaona jeusi au la kahawia limependeza. Chagueni jeupe au la rangi ya mpauko, wekeni kizuizi cha joto juu ya dari (pamba ya glasi, karatasi zile za kung'aa, chochote kinachopatikana na kilichofungwa vizuri), na acheni matundu ya hewa chini ya kingo na kileleni ili lile joto la kwenye paa litoke. Mkifanya hayo mtashangaa viyoyozi vitatu vimebaki kimoja, pengine feni tu. Feni ya dari inakula kama wati 60, kiyoyozi chenu kile mara 25 ya hapo.

Mnisamehe nimekaa sana kwenye joto, ila ndo kwenye hela.

Maji ya kuoga. Hita tatu za umeme kwenye nyumba inayojiita ya sola ni kichekesho. Lita 100 za maji kuzipandisha nyuzi 25 kunahitaji karibu uniti 3, huwezi kukwepa hiyo, ni tabia ya maji. Uniti 3 hizo hizo zinawasha taa ya LED ya wati 9 zaidi ya masaa 300. Sasa badala ya kugeuza jua kuwa umeme, ukauweka kwenye betri, ukautoa, ukaugeuza tena kuwa joto, kwanini usipashe maji na jua moja kwa moja? Tanki la sola la maji juu ya paa, moja, na mabafu yapangwe yawe yamegusana au yamebebana ili bomba la maji moto liwe fupi. Kila mita ya bomba ndefu ni maji yaliyopoa unayoyamwaga ukisubiri ya moto yafike.

Mfumo wa smati wa kuzima taa futa. Nyumba ikiwa na LED tupu, taa ya wati 9 mkiisahau inawaka masaa 100 ndo inakaribia uniti moja. We mama unayezunguka kuzima taa usiku ndo mfumo wa smati, na hauhitaji programu.

Vyumba viwili vya wageni navigusa haraka, najua vinauma. Saruji peke yake inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani, kwasababu kuichoma kunahitaji moto mkali na lile jiwe la chokaa lenyewe likiungua linatoa hiyo hewa. Kama mumeo anawaza dunia na wanetu, basi chumba ambacho mgeni atalala siku kumi kwa mwaka kinaokoa zaidi kisipojengwa kuliko kikifungwa vioo viwili. Wageni wakija watoto watabanana, wanapendaga wenyewe.

Sasa mumeo. Kwenye sola yenyewe yuko sahihi, tumpe haki yake. Paneli za kawaida siku hizi zinageuza zaidi ya asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme, zinadumu miaka 25 na zaidi huku nguvu ikipungua kidogo kidogo kila mwaka, na bei yake imeshuka zaidi ya asilimia 80 tangu 2010. Lakini hapo hapo ndo sababu ya kutokuwa na haraka. Kitu kinachoshuka bei hukopei kwa kukimbia, unaanza na kidogo unaongeza. Na asihesabu miaka 25 kwa mfumo mzima, inveta mara nyingi inataka kubadilishwa kati ya mwaka wa 10 na wa 15, na betri inategemea aina na mnavyoitumia, na joto linaiua, kwahiyo hiyo ya ukutani isitundikwe, nakuomba, kwenye ukuta wa magharibi.

Hesabu ya kumfanyia haina makelele. Chukueni bei yote ya mfumo, ongezeni riba ya mkopo na inveta ya pili, alafu gawanyeni kwa hela ya bili mtakayoiokoa kwa mwaka mmoja. Jibu ni miaka. Ikija saba, nane, kaeni mzungumze. Ikija 18, mkopo huo ni wa binamu, sio wa watoto. Isipokuwa kama umeme wenu unakatika kila siku au haujafika kabisa huko kiwanjani, hapo mnanunua kitu kingine, mnanunua usiku wenye mwanga na friji isiyoyeyuka, na kila familia inajua yenyewe hicho kina thamani gani. Hukuniambia hali ya umeme huko, kwahiyo hilo nawaachia.

Swali la pili, usaini au ugome. Usisaini kwa sasa, ila usigome pia, maana ukigoma atasikia "sipendi maendeleo" na mtarudi kule kule. Mwambie hivi: dirisha langu nalipunguza mimi kwanza. Anza wewe kutoa. Alafu mwombe mwende wote kiwanjani saa kumi na moja jioni, jua likiwa kali, msimame pale kwenye kamba ya sebule robo saa nzima mkiangalia magharibi bila kofia. Hamtahitaji barua yangu.

Mkishageuza ramani, rudini kwa binamu na orodha mpya: paa jeupe lenye kizuizi, kiyoyozi kimoja au hakuna, tanki la maji la sola, LED, friji yenye ufanisi. Muulizeni swali moja, nyumba hii inatumia uniti ngapi kwa siku, kifaa kimoja kimoja, wati mara masaa, aandike. Kama hawezi kuandika hiyo na bado anajua mnahitaji paneli 24, basi zile 24 kazitoa stoo kwake. Namba ikipatikana nategemea mtaangukia mfumo mdogo ambao pengine mnaulipa bila benki, mchukue inveta inayokubali kuongezewa paneli na betri baadae.

Na hata kama sola mnaiacha mpaka mwaka ujao, kabla dari halijafungwa fundi umeme apitishe paipu tupu toka paani mpaka pale inveta itakapokaa, na taa na friji ziwe na laini yake mbali na hita na viyoyozi. Mabomba ya kwenda tanki la maji ya moto nayo yawekwe sasa hivi. Ni hela ndogo leo. Kuja kubomoa plasta iliyopakwa rangi ndo utajua.

Ukishaenda kiwanjani niandikie mlichoamua, na unitumie ramani mpya nione vyumba vya kulala mmevipeleka upande gani.